Pumu Katika Umri wa Makamo na Uzee: Kiwango Chake, Sababu Zake na Ugumu wa Kuihesabu

Ikisiri

Makala hii inafafanua kiwango cha pumu miongoni mwa watu wa umri wa makamo na wazee, pamoja na sababu zinazoifanya iwaanze au iendelee kuwasumbua katika umri huo. Hoja kuu ni kwamba pumu ya ukubwani si adimu, bali imefichwa na mambo matatu: mipaka ya umri iliyowekwa na tafiti mashuhuri, lugha inayotumiwa kumwuliza mgonjwa, na vigezo vya vipimo ambavyo havilingani na mapafu ya mzee. Makala inaonyesha vilevile kwamba kosa hutokea pande zote mbili: wapo wenye pumu wasiohesabiwa, na wapo wanaohesabiwa ilhali hawana. Inahitimishwa kwamba takwimu yoyote ya pumu ya wazee haina budi kusomwa pamoja na swali lililoizaa, na kwamba madodoso ya Kiswahili yanapaswa kuuliza dalili kabla ya kuuliza jina la ugonjwa.

Maneno muhimu: pumu, uzee, umri wa makamo, njia za hewa, kifua, vihatarishi

1.0 Utangulizi

Pumu ni ugonjwa sugu wa njia za hewa. Kuta za mirija inayopeleka hewa mapafuni huwa na uvimbe wa kudumu, misuli inayoizunguka mirija hiyo hukaza upesi inapokutana na kichochezi, na ute huzidi. Matokeo yake ni kukohoa, kubanwa na kifua, kuishiwa pumzi na mlio kama wa mluzi wakati wa kutoa hewa. Sifa kubwa inayoitenga na magonjwa mengine ya mapafu ni kubadilikabadilika: mgonjwa hubanwa usiku na kupata nafuu asubuhi, huugua msimu huu na kupumzika msimu ujao, na mirija iliyojifunga huweza kufunguka yenyewe au kwa dawa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 262 walikuwa na pumu mwaka 2019, na ugonjwa huo ulisababisha vifo 455,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Taswira iliyozoeleka ya mgonjwa wa pumu ni mtoto anayezuiwa kucheza na wenzake. Lakini uwezekano wa kufa kwa pumu huongezeka kadiri umri unavyosonga, na wazee ndio wanaokufa zaidi. Hapa pana mkanganyiko unaohitaji maelezo. Ikiwa pumu ni ugonjwa wa utotoni, kwa nini inaua zaidi uzeeni? Na ikiwa inaua zaidi uzeeni, kwa nini mzee mwenye pumu haonekani katika mafundisho ya afya kwa umma?

Katika makala hii, umri wa makamo unachukuliwa kuwa miaka 40 hadi 59. Mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, kama inavyoelezwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003. Pale ambapo utafiti unaojadiliwa ulitumia mgawanyo mwingine wa umri, mgawanyo huo unatajwa.

2.0 Neno pumu na neno kifua

Kabla ya kujadili idadi ni lazima kujadili neno, kwa sababu tafiti nyingi za pumu huanza na swali. Katika Kiswahili, neno pumu lina uhusiano wa wazi na pumua na pumzi, na wazungumzaji wengi hulielewa kuwa ni jina la ugonjwa wa kubanwa pumzi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku mgonjwa mzima hasemi mara nyingi kwamba ana pumu. Husema ana kifua, kifua kinambana, au kifua chake ni cha tangu zamani. Neno kifua katika matumizi haya hubeba mambo mengi kwa pamoja: kikohozi cha mafua, nimonia, madhara ya sigara, pumu, na hata kifua kikuu.

Upana huu si kasoro ya lugha. Mgonjwa huzungumza juu ya mahali panapouma, si juu ya utaratibu wa ugonjwa ndani ya mirija. Tatizo huzuka pale mtafiti anapoleta dodoso lenye swali moja: je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una pumu? Swali hilo lina masharti matatu ndani yake. Kwanza, mhojiwa awe amewahi kumwona daktari kwa ajili ya tatizo hilo. Pili, daktari awe amelitambua. Tatu, awe amelitaja kwa jina ambalo mhojiwa analikumbuka. Mzee aliyetibiwa kifua kwa miaka 20 katika zahanati, kwa vidonge na sindano, anaweza kujibu hapana kwa unyofu kamili. Jibu lake litaingia katika jedwali kama ushahidi wa kutokuwa na pumu.

Kwa sababu hiyo, tafiti nyingine huuliza dalili badala ya jina: je, katika miezi 12 iliyopita umepata mluzi kifuani? Je, umewahi kuamshwa usiku na kubanwa kwa kifua? Maswali ya namna hii huwafikia wasiowahi kupimwa, lakini nayo yana gharama yake. Mluzi kifuani hutokea pia kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa unaotokana na sigara au moshi, na kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Kwa hiyo swali la jina hupunguza idadi, na swali la dalili huweza kuiongeza. Msomaji wa takwimu hawezi kukwepa kujua ni swali lipi lililoulizwa.

3.0 Kiwango cha pumu ukubwani

3.1 Mipaka ya umri katika tafiti mashuhuri

Utafiti mkubwa kuliko yote wa pumu ya watoto, unaojulikana kwa kifupi kama ISAAC, ulihusu watoto wa miaka 6 hadi 7 na vijana wa miaka 13 hadi 14. Utafiti wa Ulaya juu ya afya ya upumuaji ulioanza miaka ya 1990 ulichagua watu wa miaka 20 hadi 44. Uchambuzi wa To na wenzake (2012), uliotumia takwimu za Shirika la Afya Duniani kutoka nchi 70, ulihusu watu wa miaka 18 hadi 45. Uchambuzi huo uliona kwamba asilimia 4.3 ya wahojiwa walikuwa wameambiwa na daktari kwamba wana pumu, huku asilimia 8.6 wakiripoti mluzi kifuani. Australia ilikuwa juu kabisa, kwa asilimia 21 ya walioambiwa na daktari.

Mpaka wa miaka 44 au 45 haukuwekwa kwa bahati. Watafiti walitaka kuepuka umri ambao ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa huanza kujitokeza na kuchanganyika na pumu. Uamuzi huo una mantiki ya kisayansi, lakini una athari: takwimu zinazonukuliwa zaidi kuhusu pumu duniani zinakomea pale ambapo umri unaojadiliwa hapa unaanza. Ukimya huo ulisaidia kujenga dhana kwamba baada ya miaka 45 hakuna jambo kubwa la kusema kuhusu pumu.

3.2 Ushahidi wa China

Utafiti wa Huang na wenzake (2019) kutoka China unatoa picha tofauti, kwa kuwa haukuweka ukomo wa juu wa umri. Ulihusisha watu 50,991 wenye umri wa miaka 20 na zaidi, waliopimwa kati ya 2012 na 2015. Kiwango cha pumu kilikuwa asilimia 4.2, sawa na watu wazima milioni 45.7, na kilipanda kadiri umri ulivyoongezeka. Miongoni mwa waliokutwa na pumu, asilimia 28.8 tu ndio waliokuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo, na asilimia 5.6 ndio waliotumia steroidi za kuvuta, ambazo ni tiba ya msingi. Maana yake ni kwamba kati ya watu 10 wenye pumu, 7 hawakujua.

Matokeo haya nayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Utafiti huo ulimhesabu mtu kuwa na pumu endapo aliwahi kuambiwa hivyo na daktari, au endapo alipata mluzi katika miezi 12 iliyopita. Robo ya waliohesabiwa, yaani asilimia 26.2, walikuwa na mirija iliyobaki imeziba hata baada ya kupewa dawa ya kuifungua. Baadhi yao huenda walikuwa na pumu ya muda mrefu iliyokwisha kuharibu mirija. Baadhi huenda walikuwa na ugonjwa wa sigara au moshi. Na baadhi walikuwa na yote mawili. Hata hivyo, robo tatu iliyosalia inatosha kuonyesha kwamba pumu ya ukubwani haiwezi kuelezwa yote kwa kuchanganya magonjwa.

3.3 Ushahidi wa Afrika Mashariki

Nchini Uganda, Kirenga na wenzake (2019) walichunguza watu wa miaka 12 na zaidi katika jamii na kukuta kiwango cha takriban asilimia 11. Mijini kilikuwa asilimia 13.0 na vijijini asilimia 8.9. Waliokuwa na pumu waliripoti zaidi historia ya uvutaji wa sigara, moshi wa kuni, pumu katika ukoo, na kuwahi kuugua kifua kikuu. Takwimu hii inapingana na imani kwamba pumu ni ugonjwa wa nchi tajiri.

Upande wa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, van Gemert na wenzake (2015) walikuta asilimia 16.2 katika wilaya ya Masindi, Uganda, kwa watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Magitta na wenzake (2018) walikuta asilimia 17.5 katika eneo la vijijini mkoani Morogoro, Tanzania, kwa watu wa miaka 35 na zaidi. Tafiti hizi mbili hazikulenga pumu, lakini zinahusiana nayo moja kwa moja. Zinaonyesha kwamba kuziba kwa njia za hewa ni jambo la kawaida vijijini hata pale ambapo wengi hawavuti sigara. Kwa hiyo daktari anayekutana na mama wa miaka 58 mwenye mluzi kifuani ana magonjwa mawili ya kupambanua, yote mawili yakiwa na uwezekano mkubwa.

4.0 Sababu za pumu katika umri wa makamo na uzee

4.1 Makundi mawili ya wagonjwa

Wagonjwa wa umri huu wanatoka katika njia mbili. Kundi la kwanza ni la walioanza kuugua utotoni au ujanani na kuzeeka na pumu yao. Baadhi yao walipata nafuu ya miaka mingi, wakadhani wamepona, kisha ugonjwa ukarudi. Mirija iliyovimba kwa miongo kadhaa bila tiba ya kutosha huweza kunenepa kuta na kupoteza uwezo wa kufunguka kikamilifu. Kundi la pili ni la wale ambao pumu iliwaanza wakiwa watu wazima, bila historia yoyote ya utotoni.

Kundi la pili lilitambuliwa mapema katika tiba. Mwaka 1947 Francis Rackemann, daktari wa Boston nchini Marekani, alitofautisha pumu inayochochewa na vitu vya nje, kama vile chavua na vumbi, na pumu inayotokana na mambo ya ndani ya mwili, ambayo aliiona zaidi kwa wagonjwa walioanza kuugua baada ya miaka 40. Mgawanyo huo umerekebishwa mara nyingi, lakini kiini chake kimebaki: pumu ya ukubwani hutegemea mzio kwa kiasi kidogo kuliko ya utotoni, huwa kali zaidi, na hupona yenyewe kwa nadra.

4.2 Mabadiliko ya mwili

Uwezo wa mapafu hufikia kilele katika miaka ya 20 na kitu, kisha hupungua taratibu mwaka hadi mwaka hata kwa mtu mwenye afya. Mbavu na maungio yake hukakamaa, misuli ya kupumulia hudhoofika, na tishu za mapafu hupoteza mnyumbuko. Mtu aliyekuwa na akiba kubwa ya pumzi ujanani huweza kubeba mirija iliyobana bila kujua. Akiba ikipungua, kubana kulekule huwa dalili. Aidha, mfumo wa kinga hubadilika, maambukizi ya virusi hudumu kwa muda mrefu zaidi, na seli za eosinofili huweza kujaa katika mirija bila mzio wowote kugunduliwa. Wagonjwa wa namna hii mara nyingi huwa pia na nyama za puani na kupoteza uwezo wa kunusa.

4.3 Jinsia na homoni

Utotoni, pumu huwapata wavulana zaidi ya wasichana. Baada ya balehe uwiano hugeuka, na katika umri wa makamo wanawake ndio wengi miongoni mwa wanaoanza kuugua. Homoni za kike zinahusishwa na mgeuko huo. Utafiti wa kufuatilia wauguzi wa kike nchini Marekani, ulioanza mwaka 1976, ulionyesha kwamba wanawake waliotumia tiba ya homoni baada ya ukomohedhi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza pumu kuliko wasiowahi kuitumia. Hata hivyo, homoni pekee hazitoshi kueleza tofauti ya jinsia. Katika jamii ambamo mwanamke ndiye anayepika kwa kuni au mkaa, jinsia ya mgonjwa hubeba ndani yake miaka mingi ya kukaa karibu na mafiga.

4.4 Moshi, kazi na uzito wa mwili

Moshi wa sigara huongeza hatari ya kupata pumu, huifanya kuwa kali, na hupunguza nguvu ya steroidi za kuvuta. Moshi wa kuni, mkaa na mabaki ya mazao, hasa katika jiko lisilo na dirisha, hukereka mirija kwa namna inayofanana. Ushahidi wa moshi huo kusababisha ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ni imara zaidi kuliko ushahidi wa kuanzisha pumu ukubwani. Lakini kwa aliyekwisha kuwa na pumu, moshi ni kichochezi kisicho na shaka.

Kazi ni sababu inayosahaulika. Inakadiriwa kwamba takriban kesi 15 katika kila kesi 100 za pumu inayoanza ukubwani zinahusiana na mazingira ya kazi. Waathirika wanaojulikana ni waokaji wa mikate wanaovuta vumbi la unga, wapaka rangi za magari wanaotumia kemikali za isosianati, maseremala, wasafishaji, wahudumu wa afya waliotumia glavu za mpira, na wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa kahawa. Dalili hupungua siku za mapumziko na kurudi kazini. Mzee aliyestaafu huulizwa anafanya kazi gani, naye hujibu kwamba hafanyi kazi. Miaka 30 ya vumbi la kiwandani haiandikwi popote.

Unene uliokithiri nao una nafasi yake. Uchambuzi wa Beuther na Sutherland (2007), uliounganisha tafiti 7 zenye washiriki zaidi ya 333,000, ulionyesha kwamba uwezekano wa kuanza pumu kwa watu wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri ni takriban mara moja na nusu ya ule wa watu wenye uzito wa kawaida. Kwa kuwa uzito huongezeka hasa katika umri wa makamo, na zaidi mijini, sababu hii huenda ikapata uzito zaidi katika Afrika Mashariki kadiri miji inavyokua.

4.5 Dawa za magonjwa mengine

Mtu wa miaka 65 mara nyingi hutumia dawa kadhaa kwa pamoja. Dawa za kundi la kuzuia beta, kama propranololi, zinazotumiwa kwa shinikizo la damu na moyo, huweza kuibana mirija ya mwenye pumu. Jambo lisilotarajiwa na wengi ni kwamba hata matone ya macho ya timololi, yanayotolewa kwa presha ya macho, hufyonzwa mwilini na huweza kuleta athari hiyohiyo. Vilevile takriban asilimia 7 ya watu wazima wenye pumu hubanwa wanapotumia aspirini na dawa za maumivu za jamii yake, ikiwemo ibuprofeni na diklofenaki. Wazee wenye maumivu ya magoti na mgongo hununua dawa hizi dukani bila cheti. Kwa wagonjwa kama hao, sababu ya kuzidiwa inaweza kuwa katika pakiti ya vidonge iliyo chini ya mto, ilhali familia inalaumu baridi.

5.0 Kwa nini pumu ya wazee haitambuliki

5.1 Mgonjwa mwenyewe

Majaribio yaliyobana mirija ya watu kwa dawa ya methakolini yameonyesha kwamba wazee huhisi kubanwa huko kwa kiasi kidogo kuliko vijana, hata pale kiwango cha kubana kinapolingana. Kwa hiyo mzee huchelewa kulalamika, na anapolalamika hali imekwisha kuwa mbaya. Zaidi ya hayo, jamii humfundisha kwamba kuchoka na kutweta ni mambo ya umri. Mzee hupunguza mwendo, huacha kwenda shamba la mbali, hupanda kilima kwa vituo, na maisha hujipanga upya kuzunguka ugonjwa usio na jina. Methali husema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua; katika hali hii mzee hafichi, bali hajaulizwa.

5.2 Magonjwa yanayofanana

Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Katika mazingira hayo ni haki na wajibu kwa mhudumu kuwaza kifua kikuu kwanza anapokutana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Ugumu huja makohozi yanapokuwa safi na kikohozi kikaendelea. Mgonjwa huweza kupewa antibayotiki mara kwa mara, au hata dawa za kifua kikuu bila uthibitisho wa maabara, ilhali mirija yake inahitaji steroidi za kuvuta. Kwa upande mwingine, kifua kikuu kilichopona huweza kuacha makovu yanayoziba njia za hewa, na mgonjwa huyo akaitwa mwenye pumu. Moyo ulioshindwa nao huleta kutweta kwa usiku na mluzi unaofanana kabisa na wa pumu.

5.3 Kipimo

Kipimo cha spirometa hupima kiasi cha hewa ambacho mtu hutoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, na kiasi chote anachoweza kutoa. Uwiano wa viwango hivyo ukiwa chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa huhesabiwa kuwa zimeziba. Lakini uwiano huo hushuka kwa umri pekee. Kwa hiyo mzee mwenye afya huweza kuangukia chini ya mpaka na kuitwa mgonjwa.

Kigezo cha pumu nacho kina mtego wake. Kwa miaka mingi mgonjwa alitakiwa kuonyesha ongezeko la asilimia 12 na angalau mililita 200 baada ya kuvuta dawa ya kufungua mirija. Kijana anayetoa lita 3.0 katika sekunde ya kwanza hufikia mililita 200 kwa urahisi, kwani asilimia 12 yake ni mililita 360. Mwanamke mzee mwenye umbo dogo anayetoa lita 1.2 hana hali hiyo. Asilimia 12 yake ni mililita 144 tu, kwa hiyo hulazimika kupata ongezeko la karibu asilimia 17 ili ahesabiwe. Mwaka 2021 jumuiya za wataalamu wa mapafu za Ulaya na Marekani zilipendekeza kigezo kingine: ongezeko la zaidi ya asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, jinsia na kimo hicho. Pendekezo hilo linakiri kwamba kigezo cha zamani kiliwapendelea baadhi na kuwaacha wengine.

5.4 Kosa la upande wa pili

Ingekuwa upotoshaji kudai kwamba kosa pekee ni kutotambua. Nchini Kanada, Aaron na wenzake (2017) waliwapima upya watu wazima 613 waliokuwa wameambiwa na madaktari kwamba wana pumu. Katika asilimia 33.1 kati yao pumu haikuthibitika. Baadhi walikuwa wamepona. Wengine hawakuwahi kupimwa ipasavyo tangu mwanzo. Kumwita mtu mwenye pumu bila kipimo humfanya atumie dawa asizozihitaji, na kwa mzee huweza kuchelewesha kugunduliwa kwa ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo takwimu ndogo si lazima iwe ya uongo, na takwimu kubwa si lazima iwe ya kweli.

6.0 Gharama ya kutotambua

Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, ulichambua vifo 195. Asilimia 45 ya marehemu walikufa bila kutafuta msaada wa tiba au kabla msaada wa dharura haujawafikia. Miongoni mwa 165 ambao kumbukumbu za dawa zao zilipatikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa inhela zaidi ya 12 za kufungua mirija kwa haraka katika mwaka mmoja. Inhela hizo hulegeza misuli kwa saa chache, haziponyi uvimbe. Mgonjwa huhisi nafuu na kuamini ametibiwa, huku chanzo kikiendelea. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza matumizi ya dawa hizo peke yake kwa watu wazima.

Kwa wazee, tiba ina vikwazo vya ziada. Vidole vyenye ugonjwa wa maungio hushindwa kubonyeza inhela, na uratibu wa kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja huwa mgumu. Kifaa cha kukusanyia dawa kati ya inhela na mdomo husaidia. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto hata chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa na kufungwa vizuri inafanya kazi hiyo. Pale dawa za kuvuta zinapokosekana, wagonjwa hupewa vidonge vya steroidi mara kwa mara, navyo huchangia kisukari, mifupa kuwa dhaifu na mtoto wa jicho, magonjwa ambayo uzee tayari unayakaribisha.

Kwamba hali hii inaweza kubadilika si nadharia. Finland iliendesha mpango wa kitaifa wa pumu kuanzia 1994 hadi 2004, uliosisitiza kutambua ugonjwa mapema, kutumia dawa za kupunguza uvimbe tangu mwanzo, na kuwashirikisha wauguzi na wafamasia. Siku za kulazwa hospitalini kwa sababu ya pumu zilipungua kwa kiasi kikubwa, ingawa idadi ya waliotambuliwa iliongezeka.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba pumu katika umri wa makamo na uzee ni ya kawaida, na kwamba sababu zake ni nyingi: ugonjwa wa utotoni uliozeeka na mgonjwa, mabadiliko ya mwili, homoni, moshi, kazi, uzito na dawa za magonjwa mengine. Umeonyesha pia kwamba idadi inayotajwa hutegemea nani aliyehesabiwa, aliulizwa nini, na alipimwa kwa kigezo kipi.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hoja hii. Kwanza, tafiti za pumu katika jamii zinazozungumza Kiswahili hazipaswi kukomea miaka 45, na zinapaswa kutoa takwimu za wazee peke yao badala ya kuziunganisha na za vijana. Pili, dodoso lianze na dalili kwa maneno ambayo mzee anayatumia, yaani kubanwa, kutweta, mluzi na kuamshwa usiku, kisha lifuate swali la jina la ugonjwa, historia ya kifua kikuu, kazi aliyowahi kufanya na dawa anazotumia sasa. Tatu, majibu hayo yathibitishwe kwa spirometa inayosomwa kwa viwango vya umri husika. Bila hatua hizo, neno kifua litaendelea kubeba magonjwa yenye tiba tofauti, na mzee aliyejibu hapana kwa swali la daktari ataendelea kuhesabiwa kuwa mzima.